Pembe za Ng'ombe Kando ya Loire

Jumamosi ya mwisho ya Machi nilikodi baiskeli mjini Angers, Ufaransa, nikaambaa na mto Loire kuelekea magharibi. Mfukoni nilikuwa na euro 40 na namba ya simu ya mkulima mmoja, niliyopewa na muuza mvinyo wa mtaani. Nilipomwambia muuzaji huyo kwamba kwetu Dodoma tunalima Chenin, alidhani namtania. Chenin ni zabibu ya kwao, ya hapa Anjou. Ikabidi nimwonyeshe picha za shamba la mjomba, Hombolo.

Nilipita Savennières, kwenye shamba la Coulée de Serrant: hekta 7 hivi, mizabibu ilianza kupandwa na watawa karne ya 12, na Nicolas Joly ndiye aliyelifanya jina kubwa la kilimo cha bayodainamiki, yaani kilimo hai kinachofuata pia mwendo wa mwezi na nyota. Nikalitazama kwa mbali tu. Chupa yake moja ingemeza hela yangu yote na bado nikadaiwa.

Nikavuka mto kupitia kisiwa cha Béhuard. Kwenye kilima cha ng'ambo, tairi la nyuma likaisha upepo, basi nikasukuma baiskeli hadi kwa mwenyeji wangu, jasho likinitiririka na baridi ile.

Ni mama wa makamo, analima hekta 8 na kaka yake. Nilimkuta amepiga magoti kwenye shimo anafukua pembe za ng'ombe. Zilijazwa samadi na kuzikwa tangu majira ya mapukutiko. Aligonga moja kwenye ukingo wa ndoo, kikadondoka kitu cheusi, laini. Nilijiandaa kuziba pua, lakini kilinuka kama udongo wa msituni baada ya mvua.

Gramu 100 hivi za samadi hiyo zinatosha kunyunyizia udongo wa hekta nzima. Unazitia kwenye maji ya uvuguvugu, lita thelathini na kitu, unakoroga saa nzima: upande mmoja mpaka maji yafanye kimbunga, kisha unakivunja na kugeuza upande wa pili. Alinipa mti nimsaidie. Dakika ya ishirini mkono ukafa ganzi.

Mambo haya yalitokana na mihadhara ya mwanafalsafa Rudolf Steiner ya mwaka 1924, na Steiner hakuwa mkulima. Mimi ya pembe na nyota hayajaniingia. Ila mama yule alipochimba koleo moja katikati ya mistari, minyoo ilijaa, majani yamefika kwenye vifundo vya miguu. Shamba la jirani, lililopigwa dawa ya magugu, lilikuwa jekundu kama limeungua.

Na wanaodhani kilimo hai ni kutopuliza kitu, wangeiona ndoo yake ya buluu. Mrututu, yaani salfeti ya shaba, na chokaa, kile kile anachopuliza mjomba mizabibu ikipata ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu! Tofauti ni kipimo: sheria ya Ulaya inamruhusu kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka saba. Mwaka wa mvua nyingi dawa inasombwa, anarudi tena shambani, hata Jumapili.

Ghalani alinimiminia Chenin. Ukali wa limau, asali kwa mbali, na ule ukakasi wa ganda la embe bichi. Euro 11 kwa chupa. Lebo yake inasema Anjou tu. Angekuwa na shamba ng'ambo ya mto, aandike Savennières, angeuza ghali zaidi. Nilichukua tatu. Kaka yake akaniziba pancha bure.

Jioni nikampigia mjomba. Yuko kwenye mavuno, na zabibu zake anaziuza kwa kilo. Mnunuzi akichelewa, zinaozea kwenye kreti.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mjomba. Huko wanalimaje?”

Nikamweleza habari ya pembe.

“Pembe? Si ndizo hizi mbwa wanachezea hapa uani?” Akacheka mpaka akakohoa. “Haya, na chupa wanauza ngapi?”

“Kwa hela yetu, elfu thelathini na kitu.”

“Inaingia zabibu kilo ngapi?”

“Kilo moja na kidogo.”

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

“Mjomba,” akasema, “hebu rudia hiyo bei.”