Fedha Ije Julai, Isije Desemba

Nimerudi jioni hii kutoka Chamwino, wilaya ya mkoa wetu wa Dodoma, na kuna jambo ambalo nisipoliandika sitapata usingizi.

Kila anayetaka kufadhili mradi wa kijiji huku kwetu huuliza: wananchi watachangia nini? Ni swali la haki. Lakini sijawahi kusikia mtu akiuliza watachangia lini, na kwa watu wa Dodoma hilo ndilo linaloamua kila kitu.

Kijiji nilikokwenda kina boma la madarasa mawili lililoishia kwenye renta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Matofali wamechoma wenyewe, mchanga wameusomba korongoni, mawe ya msingi yamekusanywa kitongoji kwa kitongoji. Mama mweka hazina wa kamati ya ujenzi alinifungulia daftari lake. Mistari kaichora kwa rula: jina, kitongoji, matofali, ndoo za maji, siku alizofika. Safu ya shilingi ina mapengo mengi. Safu ya ndoo imejaa hadi chini, kurasa na kurasa. Kwa mwezi wa kumi, huku kwetu, ndoo moja maana yake kuna mtu aliamka alfajiri kupanga foleni kisimani, halafu maji yale yakaenda kwenye zege, nyumbani wakabaki wanasubiri.

Fedha ya kupandisha na kuezeka waliahidiwa mapema. Ikaja kuingia kwenye akaunti ya kijiji mvua zimeshaanza. Mfadhili anafunga hesabu zake Desemba, kwa hiyo alitaka risiti na picha za paa kabla ya mwaka kwisha. Kanda ya kati ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Ukikosa kupanda uwele na mtama kwa wakati, huna nafasi ya pili. Kazi ikasimama, fedha iliyobaki ikarudishwa, na ripoti ikaandika kwamba mwitikio wa jamii ulikuwa hafifu. Sentensi hiyo inaniuma mpaka sasa.

"Mwanangu," mama akaniambia, "kazi hatukuikataa. Tulikuwa shambani. Wangetuuliza tu, tungewaambia."

Na pa kuwauliza papo. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, na mpango wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo umetumika miaka mingi kuwafanya wanakijiji wapange vipaumbele vyao wenyewe. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Serikali, tangu mwaka 2000 imepitisha miradi mikononi mwa kamati za watu wa kawaida kabisa. Hakuna anayeweza kusema wanavijiji hawajui kusimamia fedha. Wanachonyimwa ni kauli juu ya ratiba.

Kwa maoni yangu dirisha lenyewe liko wazi: mavuno yakishaingia ndani, kuanzia Julai mpaka Novemba. Barabara zinapitika, chakula kipo, vijana hawajaanza kusafisha mashamba, na hata mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai mosi. Maji ndiyo yanayozidi kuadimika kadiri miezi inavyokwenda, kwa hiyo bajeti iwe na fungu la kununua maji ya ujenzi, ndoo za akina mama zisichukuliwe kama za bure.

Andiko jipya la kumwomba mfadhili fedha nimeanza kuliandika. Mchango wa wananchi nimeuweka juu kabisa ya jedwali la bajeti kama fedha ya kwanza kuingia, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Malipo ya mfadhili yanaanza Julai. Nimeomba pia salio lisirudishwe Desemba: likae kwenye akaunti ya kijiji hadi Juni mwaka unaofuata, na matumizi yasomwe kwenye mkutano mkuu kabla ya kutumwa popote. Mwenyekiti na mtendaji wamekubali. Mama mweka hazina ameomba asome yeye.