Kumbe ng'ombe wangu hakuwa mvivu wa kula

Jamani mwezi uliopita kidogo nimuuze huyu Friesian wangu. Maziwa yameshuka toka lita 14 mpaka 9, na kila nikichungulia hori majani yako vilevile. Mimi nikafanya nini? Nikaongeza pumba. Akigoma majani namwekea pumba na machicha ya pombe, yaani namlipa kwa kugoma kwake.

Asubuhi moja akapita mzee jirani, afande mstaafu, hapa Bombo, Uganda, penye kambi ya jeshi, tuko nao wengi. Hakuuliza kitu, akazamisha mkono mpaka chini ya hori akatoa majani ya juzi, yana moto kama mkate umetoka ovena na yananuka uchachu. Akanisogezea puani. "Mwanangu, hii wewe ungekula?" Nikanyamaza.

Ndio akanieleza, pumba nyingi kwa mpigo zinaleta asidi tumboni, vile vijidudu vinavyovunja nyuzi za majani vinalegea, majani yanakaa ndani muda mrefu na ng'ombe anajiona kashiba. Sasa anaanza na majani, pumba nampa kidogo kidogo wakati wa kukamua basi.

Na napia yenyewe, yale majani ya tembo ninayomlisha, hapa tunaita kisagazi, nilikuwa naacha ipite kichwa changu nikidhani nimepata nyingi, kumbe nakata fimbo! Siku hizi ikifika kama mita moja naikata, naianika kidogo inyauke maana ikiwa mbichi sana imejaa maji tu, halafu naikatakata kwa panga vipande vya inchi moja au mbili, nachanganya na majani ya mti wa kaliandra kwa ajili ya protini. Hori nafagia kila asubuhi, masazo yanaenda kwenye migomba.

Maji ndio yalinitia aibu. Jerikeni moja asubuhi moja jioni, lita 40, kwa mnyama ambaye maziwa yake karibu yote ni maji! Sasa pipa halikauki.

Fungu kubwa naweka usiku, mchana joto linamkatisha hamu. Saa nane usiku namsikia dirishani, kru kru kru, mke wangu anasema afadhali zamani tulilala.

Jana kafika lita 12. Shida sasa ni napia, kashamba kangu kameisha na kijana wa boda anayeniletea amegundua sina pengine, kapandisha bei ya fungu.