Dakika kumi za mwanzo wa zamu

Kila mwisho wa mwaka ukikaribia, ofisi nyingi hukodi basi, hushonesha fulana za rangi moja na kwenda ufukweni kuvuta kamba. Si vibaya, mhasibu anapata kufahamiana na dereva. Ila Jumatatu wakirudi, kama hakuna anayejua nani anampigia simu mteja aliyelalamika, hela ya basi imekwenda bure. Meneja anayetaka timu kweli aanzie kwenye zamu.

Chukua jiko la hoteli. Zamu inaingia saa 1 asubuhi. Saa 1 kamili wakusanye, inayotoka na inayoingia, kwa dakika kumi tu, na msikae, maana viti vikishatoka kikao kinafika nusu saa. Dakika hizo zilipwe kama kazi nyingine. Ukiwataka waje mapema kwa hisani yao, wiki ya pili utabaki na wawili watatu.

Yazungumzwe matatu: zamu iliyopita imeacha nini, leo pagumu ni wapi, nani anahitaji mkono. Anayetoka asome mwenyewe alichoandika kwenye kaunta buku. Hapa ndipo pa kukaza uzi, kwa sababu "friji ina shida" haimsaidii mtu. Maandishi yanayofaa yako hivi: "Friji namba 2 haipoi. Nyama yote iko namba 1. Fundi kaitwa saa 9 usiku, hajafika. Asha amfuatilie kabla ya saa 3." Tatizo, kilichokwisha fanyika, kilichobaki, jina moja, saa. Kazi iliyoandikiwa "wote" kila mtu huiachia mwenzake.

Akiwepo mgeni, hata kibarua wa siku moja, kila mtu ataje jina na kazi yake. Vyumba vya upasuaji vinafanya hivyo kwa orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani: kabla ya kisu kugusa ngozi, wote wanajitambulisha. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, Ifakara ya Tanzania ikiwa mojawapo, na matokeo yakatoka mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha ina mengi zaidi ya majina, kwa hiyo sifa zote tusiyape majina. Lakini sababu yake inaeleweka jikoni pia: aliyekwisha sikika mara moja asubuhi haoni taabu kusema tena anapoona mafuta yanashika moto.

Idadi nayo iangaliwe. Watu 5 wana mahusiano 10 ya wawili wawili. Watu 8 wana 28. Watu 12 wana 66. Kwangu, wakizidi wanane ni bora kuwagawa, kila kundi na kiongozi wake. Na ile kamba ya ufukweni ina somo lake hapa. Mfaransa Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo, aliwapima watu wakivuta, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913 yalionyesha kwamba kadiri wanavyoongezeka, kila mmoja huvuta pungufu ya nguvu aliyotoa akiwa peke yake. Sehemu ni uvivu wa kujificha kwenye kundi, sehemu ni kwamba hawavuti kwa mpigo mmoja.

Kikao hiki huharibika upesi meneja akitangulia kusema, kwa sababu wengine watarudia maneno yake. Huharibika pia kikigeuzwa mahali pa kuwasema wachelewaji. Mchelewaji mwite pembeni baadaye.

Tegemea mikwaruzano. Mwanasaikolojia wa Marekani, Bruce Tuckman, aliandika mwaka 1965 kwamba kundi changa hupita kwenye mvutano kabla ya kukubaliana taratibu. Meneja mwenye hofu huhamisha watu hapo hapo, na waliobaki wanaanza upya na sura mpya. Afadhali uwaweke chini wale wawili, mwulize kila mmoja anachokihitaji kutoka kwa mwenzake ili kazi yake iende, kisha yaandikwe.

Siku mtu akisema mbele ya wenzake, "Mlango wa friji niliuacha wazi mimi," mshukuru kwanza, wote wasikie. Halafu muulize ilikuwaje: mpira wa mlango umelegea, au alikuwa amebebeshwa kreti mbili peke yake?