Hasira ya Matsu na Watafsiri Wetu

Katika vibanda umiza vya hapa Dodoma, filamu ya kigeni huwa haijakamilika mpaka ipate mtu wa kuitafsiri, na watafsiri wetu, pamoja na ufundi wao wote, hawavumilii ukimya: mhusika akinyamaza, wao humsemea. Ndiyo maana ninaamini kwamba filamu za Sasori, ambazo kampuni ya Toei ya Japani ilianza kuzitoa mwaka 1972, zingewashinda.

Mhusika mkuu wa filamu hizo, Nami Matsushima, au Matsu, alimpenda mpelelezi wa polisi aitwaye Sugimi, naye akamtumia kama chambo kwa wahalifu wa yakuza, wakambaka. Alipojaribu kulipiza kwa kisu na kushindwa, alifungwa. Kuanzia hapo haongei ila kwa nadra sana. Meiko Kaji, aliyeigiza nafasi hiyo, ndiye aliyetaka maneno yapunguzwe, kwa kuwa katika hadithi ya katuni iliyozaa filamu hizi Matsu alikuwa na mdomo mchafu. Sehemu ya pili inatuonyesha Matsu akiwa shimoni, mikono imefungwa, ameuma kijiko na anakinoa kwa kukisugua sakafuni. Kinachosikika ni mkwaruzo tu. Mtafsiri angemtia maneno gani hapo?

Sitazitetea kwa kila kitu. Sinema za magereza ya wanawake zilitengenezwa ili kuuza tiketi kwa wanaume, na maonyesho ya wafungwa wakivuliwa nguo na kupigwa yamewekwa kwa ajili yao, jambo ambalo (niseme wazi) linanichefua hadi leo. Hata hivyo mwongozaji Shunya Itō, ambaye sehemu ya kwanza ya Sasori ilikuwa pia filamu yake ya kwanza, anaifungua kwa hafla ya kumtunuku mkuu wa gereza, bendera ya taifa ikiwa juu, kabla king'ora cha wafungwa waliotoroka hakijaivuruga. Hivyo tangu mwanzo tunajua kwamba deni la Matsu haliishii kwa Sugimi, bali linawahusu wote waliovaa sare na kumlinda mtu wa aina yake.

Sehemu ya nne, ya mwaka 1973, iliongozwa na Yasuharu Hasebe, na ndani yake Matsu anapewa mwanamume wa kushirikiana naye. Kwangu mimi hapo hasira yake inapoa, kwa hiyo anayetaka kuzitazama aishie ya tatu.