Kutoka Mills & Boon mpaka vitabu vya punda

Kabla sijazaa mimi nlikuwa mtu wa riwaya za mapenzi, zile Mills & Boon zilizochakaa jalada, wasichana wa mtaa mzima hapa Lamu tulikuwa twaazimana, na hata ukijua mwisho wataoana bado huwezi kukiweka chini.

Sahii kitandani ni vitabu vya picha. Vingi vina kurasa 32 tu na binti yangu hanikubalii niruke hata mmoja, akifika kwa punda anaweka kidole kwenye masikio yake aseme "mama, huyu wa babu", maana kwetu vichochoroni wapita punda na mawe ya kujengea, si magari. Vya Kiswahili madukani sivioni sana kwa hivyo nadaunlodi vya bure vya African Storybook, mradi wa shirika la elimu la Saide la Afrika Kusini ulioanza 2014, namsomea kwa simu.

Kuna wanaosema hiko si kusoma. Nakataa kabisa! Ukurasa una sentensi mbili, kila neno lazima lifanye kazi, na ukikisoma kwa sauti kila usiku ndio utaskia kama mwandishi ana skio ama hana. Na mama kumpa mwanawe maneno ni jambo letu jamani, Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utendi mzima 1858 na mpaka leo wasomwa.

Mapenzi sijaacha lakini, mtoto akilala nasoma, ila sahii nataka ya watu wa kwetu, wenye mama mkwe na kodi ya nyumba.