Kipupwe cha Sikonge

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba Tabora kuna baridi, anakutazama kama unamuuzia simu ya wizi. Tabora anayoijua yeye ni ya vumbi, tumbaku na jua la Septemba linalochoma mpaka utosini. Sikatai. Lakini ipo pia Tabora ya Juni na Julai. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, upepo wa kusi unafika huko umeshakauka, mawingu hakuna, na joto lote la mchana linapaa usiku bila cha kulizuia. Alfajiri inashuka hadi nyuzi 15, na siku nyingine chini ya hapo. Mtu wa Makete atacheka. Mke wangu, Mzaramo wa Kisarawe, hakucheka.

Ilikuwa likizo ya Juni, tunakwenda kwa shangazi yangu Sikonge, na watoto wawili na mabegi ya nguo za mikono mifupi. Ukishapita Manyoni barabara inaingia vichaka vya Itigi, vimeshonana hata mbuzi hapiti, halafu taratibu miti inarefuka, majani yanakuwa ya rangi ya shaba, na hapo unajua umeingia kwenye miombo. Kipande cha Chaya na Nyahua zamani kilikuwa adhabu. Siku hizi ni lami, abiria wanakoroma. Tabora tuliingia usiku. Mlango wa basi ulipofunguliwa binti yangu akauliza nani kawasha kiyoyozi nje.

Kesho yake tukapata gari la Sikonge, kilometa sabini na ushei kuelekea kusini, kisha bodaboda hadi kijijini. Dereva wangu alikuwa amelivaa koti kinyumenyume, zipu mgongoni, ili upepo usipate pa kupenya kifuani. Nilipolala nyuma yake kukwepa upepo, akaniambia, "Jikunje tu bro, ndo hivyo hivyo."

Uani alikuwepo babu, baba mkwe wa shangazi, kakaa juani kwenye kigoda amejifunika blanketi. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, vijana wa huku walipokuwa wakishavuna wanajitwisha mizigo kushuka pwani kiangazi chote, na kurudi mvua zikikaribia. Babu hakuhitaji kuelezwa mgeni ni nani.

"Nani kaniletea mjakazi wangu? Maji ya kuoga hayajachotwa tangu juzi."

Mke wangu akapiga goti. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimekuja na sanda kabisa. Nimesikia baridi ya mwaka huu haikubakizi."

Babu alicheka hadi blanketi likamdondoka. Tangu hapo wale wawili hawakuachana, na mimi niliyezaliwa katika ukoo nikawa mtu wa kuulizwa tu kama nimeshiba.

Raha ya kipupwe kijijini inatokana na jambo moja: huu ni msimu wa kazi za kukaa. Mahindi yameingia ndani, karanga zimeng'olewa, jembe limetundikwa mpaka mvua za Novemba zinukie. Kazi haijaisha, sema imehamia mikononi. Kuna kubangua karanga, kupukuchua mahindi, kuchambua kunde, kushona mikeka. Ukiwa na jembe umeinama, pumzi inakwenda na udongo, huwezi kupiga soga ya maana. Ukiwa na ungo mapajani, mdomo uko huru kutwa nzima. Habari zote za ukoo wetu, nani kaoa, nani kagombania mpaka, ng'ombe wa nani kala kwa nani, nilizipata kwenye ungo. (Wakulima wa tumbaku ni kundi lingine. Wao walikuwa wanasubiri masoko, na sura zao zilipanda na kushuka na bei. Sikuwachokoza.)

Kazi kubwa ya shangazi wiki ile ilikuwa michembe. Viazi vitamu vilivyochimbwa viliachwa kwanza vinyauke, maana kiazi kibichi sana kinakatika vibaya. Kisu chake kimenolewa miaka hadi kimebaki chembamba mithili ya sindano ya kushonea magunia, na hataki kingine. Anamenya kiazi kwa kukizungusha, ganda linatoka kwa ukanda mmoja, kisha anakikata vipande akitumia kidole gumba kama ubao. Chaka, chaka, chaka, huku anakutazama wewe usoni na kukusimulia jambo lingine kabisa. Mimi nilipojaribu alivishika vipande vyangu, akavipanga pembeni, akasema kwa upole wote, "Hivi vya kwako baba tutapika leo leo."

Kipande kikiwa kinene kinaota ukungu katikati, kikiwa chembamba mno kinavunjikavunjika. Vilivyo sawa vinaanikwa juu ya mwamba nyuma ya nyumba, na watoto wanawekwa zamu ya kufukuza mbuzi. Kazi hiyo wanangu waliipenda kuliko katuni. Jioni vinaanuliwa, asubuhi vinarudishwa, mpaka ukivitikisa vinalia kama vigae. Ukivichemsha kwanza ndipo ukate na kuanika, unapata matobolwa, magumu na matamu, ya kutafuna njiani. Binti yangu alikuwa anajaza mfukoni. Shangazi akamwambia asione vile ni pipi, hicho ni chakula cha Januari, wakati shamba limejaa majani na ghala liko tupu. Kisha akamwongezea kiganja kizima.

Asubuhi zina utaratibu wake. Jua la Tabora mwezi huo linachelewa, linachomoza karibu saa moja, kwa hiyo ukiamka saa kumi na moja una saa mbili za giza na baridi tupu. Babu huamka wakati huo. Siku moja nilitoka nje nikamkuta kasimama na fimbo, akanionyesha mashariki Kilimia kimeshachomoza, vinyota vimejibana pamoja. Watu wa pwani wana msemo kwamba Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kweli, kilikuwa kimepotea mwishoni mwa masika na sasa hakuna hata tone. Nilimwambia msemo huo. Akasema Wazaramo wameuiba.

Halafu mafiga yanawashwa, moshi unajaa jikoni, na kila mtu anajipenyeza humo humo ingawa macho yanatoka machozi. Uji wa ulezi na karanga za kusaga. Jua likitoka, watoto wote wanahamia ukuta wa mashariki, wamepangana mgongo ukutani, miguu imepauka kwa ukavu. Shangazi anapita na kopo la mafuta ya mgando akiwapaka mmoja mmoja kwa nguvu za mtu anayepiga lipu. Mimi pia alinipaka. Visigino vyangu vilishaanza magaga siku ya pili, na hakuna mtu mzima wa kujitetea mbele ya shangazi yake. Majirani wanapita wanasalimia, "Mwangaluka!", mke wangu anawajibu kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Katikati ya wiki binamu yangu alirudi kutoka porini na madumu mawili ya asali kwenye baiskeli. Msimu wa maua ya miombo ukishapita, wanaume hupiga kambi huko, wanarina usiku kwa moshi, kwa sababu nyuki wetu mchana hawana msamaha. Baba yake alitumia mizinga ya magome. Yeye ametengeneza ya mbao, maana ukiubandua mti gome lote unakufa, na miti ya karibu imeshakwisha. Shangazi akadakia kwamba hata kuni zamani alizitoa hapo nyuma ya choo. Siku hizi mchana mzima unakwenda, na mingi imeishia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Waliongea hivyo bila kulaumu mtu, huku tunatafuna masega na kutema nta kwenye sahani.

Asali ya zamani ndani ya nyumba ilikuwa imeganda nyeupe chini ya chupa. Mke wangu akanitazama kwa jicho la "hapa wameweka sukari." Dar asali ikiganda muuzaji hana pa kujificha. Lakini asali halisi nayo huganda, na nyuzi 14 ndiyo baridi inayoigandisha haraka kuliko zote, yaani usiku wa Sikonge hasa. Binamu hakubishana, aliweka chupa juani ukutani pamoja na watoto. Mchana ilikuwa inamiminika.

Usiku moto unakokwa uani, viazi vinafukiwa kwenye jivu, na vitendawili vinaanza. "Kitendawili!" "Tega!" Nyumba yangu haina mlango, na yai, hivyo vyote wanangu walivijua. Kisha kitoto cha jirani, hakijafika hata darasa la tatu, kikatega kimoja nikashindwa.

"Nipe mji."

"Haya, chukua Dar es Salaam."

Kikafikiri. "Sitaki. Kuna joto. Nipe mwingine."

Nikatoa Mwanza, nikatoa Arusha, kikakubali Arusha baada ya kuuliza kama kuna viazi. Kilivyotawala huko Arusha, nilivyofagia na kudeki na kuosha vyombo vyake, watu walicheka hadi babu akaomba maji. Jibu la kitendawili chenyewe lilikuwa moshi.

Siku ya kuondoka tulifungwa kwa mizigo: gunia la michembe, karanga, dumu la asali, nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, kuku mmoja niliyemkataa kwa shida. Stendi kondakta akataja bei ya mzigo. Shangazi, aliyekuja kutusindikiza kwa bodaboda, akamuuliza kwao wapi. Akasema Urambo. Basi, bei ikashuka nusu, na kondakta akaondoka na kiganja cha matobolwa.

Babu tulimwaga nyumbani. Alikuwa amevaa sweta jipya la mke wangu, lile alilonunua Tabora mjini siku ya kwanza, na babu akamvua kwa maneno tu.

"Mzee, mwakani usinifie kabla sijaja."

"Nife halafu baridi hii nimwachie nani? Nyie hamuiwezi."