Siku moja maishani mwangu: kupima hatari za mwalo wa dhahabu, Geita

Saa 11:30 alfajiri. Kabla ya chai nakagua pampu za kupimia vumbi. Kila moja lazima ivute lita 1.7 za hewa kwa dakika. Mwendo ukibadilika, kichujio kinakusanya chembe tofauti na zile zinazofika ndani kabisa ya mapafu, na kazi ya siku nzima inakuwa bure.

Saa 1:00 asubuhi. Tupo mwaloni, mahali wachimbaji wadogo wanapochenjua dhahabu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Leo tena mnatufunga hayo madude?" Pampu inakaa kiunoni, kichujio kinabanwa kwenye kola karibu na pua. Analalamika kwamba inambana, halafu anaendelea kuchenjua.

Saa 3:00. Kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Hapa watu wanaongea kwa mikono. Wataalamu wa usalama kazini wanatumia ukomo wa kelele wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Vijana hawa wanashinda hapo, na mawe wanayosaga yana silika, madini yanayogeuka vumbi laini. Marekani ukomo wake kazini ni mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo ya hewa. Silika hukaza mapafu, na pia hufungua mlango kwa kifua kikuu.

Saa 6:00 mchana. Kuchoma. Mama anakamua donge la dhahabu iliyoshikana na zebaki kwenye kitambaa, zebaki ya ziada inachuruzika, kisha donge linawekwa kwenye kikarai juu ya jiko la mkaa. Rangi ya fedha inafifia, njano inatokea. Mvuke wa zebaki wenyewe huuoni, na hauna harufu. Karibu asilimia 80 ya ule unaovutwa hubaki mwilini. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, lakini bei ya dhahabu haisubiri mkataba.

Saa 8:00. Mahojiano na mama, kazi ninayoipenda kuliko zote. Unapikia nini? Mkaa. Wapi? Ndani, mvua ikinyesha. Samaki? Karibu kila siku. Dhahabu inachomwa hapa tu? Anacheka. "Wakati mwingine nyumbani, jioni, watu wasione." Mtoto wa mwaka mmoja na nusu analala chumba hichohicho.

Hapo ndipo viwango vinaponiudhi. Ukomo wa saa 8 kazini unamchukulia mtu mzima anayetoka kazini akaenda kupumua hewa safi hadi kesho. Huyu mama anatoka kwenye mvuke anaingia kwenye moshi. Na mtoto hakuajiriwa na mtu, kwa hiyo hakuna ukomo wa kazini unaomhusu.

Saa 10:00. Chupa za mkojo zinaingia kwenye kisanduku cha barafu. Mkojo unaonyesha zebaki ya mvuke. Ile inayotokana na samaki tunaitafuta kwenye nywele.

Saa 12:00 jioni. Hesabu. Kipimo cha kila kitu kinagawanywa kwa kiwango chake kinachokubalika, kwa hiyo 1 ndiyo ukomo. Tuseme zebaki ni 0.6 na silika ni 0.5. Kila moja iko chini ya 1, na ripoti mbili tofauti zitaandika "hakuna tatizo". Lakini zote zinaumiza figo, kwa hiyo tunazijumlisha: 1.1. Imepita. Na kujumlisha ni makadirio ya upole, maana vingine huzidishana, kama asbesto na sigara kwa saratani ya mapafu. Kelele haiingii kwenye hesabu hii. Naiweka pembeni, kwenye safu yake.

Saa 2:00 usiku. Bosi anapiga simu. Anataka ripoti ya vumbi iende kwa watu wa usalama kazini, ya zebaki kwa watu wa mazingira, ya kifua kikuu kwa watu wa afya. Namwambia sawa, lakini ukurasa wa kwanza wa zote tatu uwe uleule: mtu mmoja, saa 24, kila kinachomfikia. Tumebishana hadi chaji ikaisha. Nikiiwasha simu nakuta ujumbe wake: "Ukurasa mmoja tu."